Wasaidizi wasio kwenye orodha

SWALI: Shangazi, nasomea uhusiano mwema. Juzi niliwekwa mlangoni KICC, ule ukumbi wa mikutano wa Nairobi, kwenye hafla ya serikali, nikigawa beji. Mheshimiwa mmoja akaja na wasaidizi ambao hawakuwa kwenye orodha. Nikamwita afisa wa itifaki, msimamizi wa utaratibu wa wageni. Wenzangu wanasema nilijitia ubosi. Ningefanyaje?
Mwanafunzi, Umoja

JIBU: Ulifanya sawa, mwanangu. Viti vya mbele hupangwa kwa vyeo, na hotuba vivyo hivyo, mgeni rasmi akifunga. Kiti kimoja kikihama, patashika. Ila hukusema: mheshimiwa ulimwacha wima? Mwenzako angemkaribisha pembeni, ampe maji, wewe ukipiga simu. Na beji tupu pamoja na kalamu ya wino mzito zisikose mezani, za kuwaandikia wageni wa ghafla. Hao wakosoaji nao walikuwa wapi? Kwenye chai, bila shaka.