Siwezi Kusema "Mimi"

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji kama mhusika wa riwaya mwenye nafsi mbili ni mgonjwa au ni mtu kama sisi. Nitajibu kwa kitabu kimoja, kile cha mwandishi Mskoti Robert Louis Stevenson kilichotoka mwaka 1886, ambamo Jekyll, daktari mheshimiwa wa London, anakunywa dawa aliyoichanganya mwenyewe na kugeuka Hyde, katili anayefikia kuua.

Wengi hudhani Jekyll ndiye mwema na Hyde ndiye mwovu, lakini sivyo ilivyoandikwa. Jekyll anaungama kwamba alificha anasa zake miaka mingi kabla ya dawa, kwa kuwa alipenda mno kuheshimiwa. Na ijapokuwa Hyde ni uovu mtupu, Jekyll anabaki na mchanganyiko wake wa zamani wa wema na uovu. Tena anakiri kwamba nafsi zote mbili zilikuwa na kumbukumbu moja. Hapo ndipo ninapomtenga na wanaougua kweli ugonjwa wa nafsi nyingi, ambao wataalamu wengi wa saikolojia huuhusisha na mateso makali ya utotoni, na ambao huwaachia mapengo ya kumbukumbu. Hao hawakuchagua kugawanyika, na inaniuma wanapofananishwa na Hyde kana kwamba ni wauaji. Jekyll alichagua.

Anaposimulia matendo ya Hyde, anaandika: "Yeye, nasema, siwezi kusema, mimi." Kwa Kiswahili kauli hii ni nzito zaidi, maana kitenzi chetu humbeba mtendaji ndani yake: ama nilimpiga, ama alimpiga. Silabi moja inabeba hatia yote. Nani kati yetu hajawahi kuikwepa hiyo "ni" kwa kusema shetani alimpitia?

Stevenson naye alikuwa na mgawanyiko wake. Katika insha ya mwaka 1888 kuhusu ndoto alieleza kwamba baadhi ya matukio ya kisa hiki aliyapata usingizini, kwa viumbe wadogo wa hadithi za Uskoti waliomtungia alipolala, hata akajiuliza kama yeye ni mtunzi kweli. Viumbe hao, alisema, hawana dhamiri hata kidogo. Lakini hakuwatwika mzigo: maana ya kisa, aliandika, ilikuwa yake mwenyewe.