Menyu ya GRUB imepotea baada ya apdeti? Usifomati

Kaka tulia kwanza, kama baada ya apdeti mashine inaingia Windows moja kwa moja na menyu ya GRUB (ile ya kuchagua Ubuntu au Windows ukiwasha mashine) huioni, mara nyingi Ubuntu yako bado ipo salama kabisa, ni mpangilio wa kubuti tu ndo umebadilika. Zima, washa huku unabonyeza F2 au Del (inategemea na mashine), ingia UEFI (mipangilio ya mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka), ukikuta "ubuntu" iko chini ya Windows Boot Manager ipandishe juu, sevu, toka.

Ukisharudi Ubuntu halafu Windows ndo haionekani kwenye menyu, fungua faili la /etc/default/grub uweke GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false kisha piga sudo update-grub kwenye terminal, maana toka GRUB 2.06 kule kutafuta mifumo mingine kumezimwa. Watu wengi wanafuta kila kitu bure hapa, inaniuma sana.