Kabla ya Kuchimba Barabara ya Senta, Jua Nani Amevuta Maji Wapi

Kamati ya maji ikitangaza kwamba inabadilisha bomba la barabara ya senta, kila mtu huuliza bei ya bomba. Ni swali la haki, ila bomba ndilo sehemu rahisi. Fundi akiwa anajua kazi na wananchi wakijitokeza kuchimba mtaro, linalala upesi. Kinachotesa ni watu waliovuta maji kutoka kwenye bomba la zamani, wengine kwa kibali, wengine kwa kujuana na fundi wa enzi hizo, na hakuna daftari linaloonyesha nani ameunga wapi.

Nilikuwa katibu wa chombo cha watumia maji kwenye kijiji kimoja cha Nyanda za Juu Kusini. Mradi wetu ni wa mserereko, yaani maji hushuka yenyewe kutoka chanzo kilicho juu, wa miaka ya 1980, wakati Denmark ilipokuwa inagharamia maji vijijini katika mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma. Chini ya barabara ya senta lilipita bomba la chuma la inchi mbili. Maji yalipoanza kutoka kwa kudondoka, lawama zote zilienda kwenye chanzo: watu wamekata miti, mto umekauka, waliolima bondeni ndio wabaya. Chanzo kilikuwa na maji ya kutosha. Kutu ilikuwa imejaa ndani ya bomba hadi nafasi iliyobaki ikawa nyembamba.

Hapo hesabu ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Bomba la inchi mbili likizibwa na kutu hadi ikabaki nafasi ya inchi moja, halipitishi nusu ya maji ya mwanzo; kwa msukumo uleule hupitisha kama sehemu moja ya sita. Ushauri wangu wa kwanza basi: kabla ya kuitisha michango, kata kipande cha bomba la zamani, kipasue kwa urefu, kipeleke kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Wazee wakikishika na kukitazama kwa ndani, mjadala wa mto kukauka unaisha.

Jambo la pili ni kujua mnapoteza kiasi gani. Tangazeni kwamba usiku fulani, kuanzia saa nane hadi saa kumi, koki zote zifungwe. Fungeni pia maji yanayoingia kwenye tangi, kisha pimeni kina kinashuka kiasi gani. Tangi lenye sakafu ya mita 5 kwa 4 likishuka sentimita 10, lita 2,000 zimetoka na hakuna aliyechota. Tundu dogo la milimita 3, bomba likiwa na kimo cha maji cha mita 50 (tangi liko juu yake kwa mita hizo), humwaga zaidi ya lita 11,000 kwa siku. Hayo ni madumu zaidi ya 500. Na tundu linalotoa maji mchana huingiza uchafu pale maji yanapokatika na bomba kubaki tupu, hasa mahali ambapo mtaro wa maji machafu umepita karibu.

Sasa nije kwenye watu.

Tembeeni nyumba kwa nyumba, pande zote mbili za barabara, mkiwa na mwenyekiti wa kitongoji, fundi mmoja, na mtu mmoja mzee aliyekuwepo mradi ulipojengwa. Huyo wa mwisho msimwache. Ndiye atakayewaambia kwamba duka lile zamani lilikuwa ghala la ushirika na lilikuwa na koki nyuma, au kwamba nyumba ya marehemu fulani ilivuta maji kwa kupita uani kwa jirani. Pimeni kwa futi kutoka kwenye vitu visivyohama: kona ya kanisa, kona ya msikiti, nguzo ya daraja. Mti usiutumie, unakatwa. Andikeni jina la mwenye nyumba, ukubwa wa bomba, aina yake, lina dira ya maji au halina.

Mtawakuta waliojiungia kinyemela. Najua kisheria ni kosa, na najua kamati nyingine huanza na faini. Mimi nasema toeni muda wa msamaha: anayejitaja kabla ya kuchimba anahamishiwa bomba jipya na kufungiwa dira kwa gharama zake, bila kuulizwa la nyuma. Ukianza na faini watu wanaficha, na tii iliyofichwa, yaani kiungo cha kugawia maji pembeni, ndiyo itakayowaaibisha baadaye. Siku mtakapofunga bomba la zamani, nyumba itakosa maji, na mwenyewe ataamka usiku kuunga upya kwa mpira na waya.

Kwa sababu hiyohiyo, msing'oe la zamani ili mlaze jipya palepale. Chimbeni mtaro mpya pembeni, ndani ya hifadhi ya barabara lakini mbali na mfereji wa mvua, upande wenye nyumba nyingi. La zamani liendelee kutoa maji hadi jipya lijaribiwe, kisha hamisheni nyumba moja baada ya nyingine. Kwa nyumba za upande wa pili wa barabara, msikate barabara kwa kila mlango. Wekeni vivuko vichache, kimoja kwa kundi la nyumba, na kila kivuko kipite ndani ya bomba kubwa zaidi. Bomba la ndani likipasuka utalichomoa na kuingiza jingine bila kugusa barabara. Lami ikija, hivyo vivuko vitawaokoa.

Kibali cha kuchimba kiombeni mapema na kwa barua. Barabara za wilaya na vijiji ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini; kama senta yenu imekaa kwenye barabara kuu au ya mkoa, nendeni TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ulizeni pia kama Mkongo wa Taifa, ule waya wa mawasiliano wa chini ya ardhi, umepita hapo. Ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, ishirikishwe kabla ya kununua chochote, maana wao ndio wenye mhandisi wa kuthibitisha ukubwa wa bomba.

Kuhusu bomba lenyewe nina mawili tu. Plastiki nyeusi huuzwa kwa kipimo cha nje: la milimita 63 la PN10 ndani lina kama 55, kwa hiyo linachukua vizuri nafasi ya lile la chuma la inchi mbili. PN10 maana yake linahimili kimo cha maji cha mita 100. Halafu, plastiki inatanuka sana kwa jua. Mita 100 zikipoa kwa nyuzi 20 husinyaa sentimita 30 na zaidi. Ukikaza koplingi (kiungo cha bomba na bomba) saa saba mchana na bomba limenyooka kama kamba ya kuanikia, usiku linajichomoa. Lilaze likiwa limepindapinda kidogo, unga asubuhi au jioni. Fukia katikati, viungo viache wazi hadi mpime mgandamizo.

Kabla ya watu kunywa, osheni kwa klorini. Bomba hilo la milimita 63 hubeba lita 2.4 kwa kila mita, kwa hiyo nusu kilomita ni kama lita 1,200. Gramu 90 hivi za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 zinatosha kufikia miligramu 50 kwa lita. Iache usiku kucha, koki zote zikiwa zimefungwa na watu wameambiwa, kisha mwageni hadi harufu iishe.

Kuna kitu ambacho hakuna aliyetutahadharisha. Bomba jipya halivuji, basi usiku mgandamizo unapanda hadi kiwango ambacho mabomba ya majumbani hayajawahi kukiona. Wiki ya kwanza yalipasuka mabomba ya uani, koki zikaanza kulia, na watu wakasema fundi ameharibu. Fungueni polepole, wawekeeni waliohamishwa stopkoki mpya, na kama tangi liko juu sana muulizeni mhandisi kuhusu tangi la kupunguza mgandamizo.

Nyumba ya mwisho ikishahama, zibeni bomba la zamani kule linakoanzia, kwa kizibo cha chuma. Kufunga geti valvu peke yake hakutoshi, maana valvu ya umri huo hupitisha. Kama la zamani ni la asbesto, liacheni ardhini na msilikate kwa msumeno. Kama ni chuma, amueni kwenye mkutano nani anaruhusiwa kuling'oa na fedha zinaingia akaunti gani, kwa sababu wanunuzi wa chuma chakavu watafika kabla udongo haujashindiliwa.