Muulize Mzee wa Kriketi: O'Brien na rekodi yake

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi na kaka yangu hatuelewani. Yeye anashikilia kwamba Kevin O'Brien wa Ireland ndiye aliyefikisha mikimbio mia kwa haraka kuliko wote katika Kombe la Dunia. Mimi nasema rekodi hiyo ilishavunjwa. Tena, kama alikuwa hodari hivyo, mbona alicheza mechi tatu tu za Test, zile za kimataifa za hadi siku tano? – Mbishi

JIBU: Marahaba, Mbishi. Umemshinda kaka yako, ila usimcheke sana, kwani rekodi ile ilidumu miaka 12. O'Brien alifikisha mia kwa mipira 50, mwaka 2011. Mwaka 2023 Aiden Markram wa Afrika Kusini akatumia mipira 49, na kabla mwezi haujaisha Glenn Maxwell wa Australia akaishusha hadi 40.

Lakini ngoja niungame. Siku ile, Machi 2, 2011, kule Bangalore, England walipiga mikimbio 327. Ireland walipofika 111, wiketi tano zikiwa zimeanguka (yaani wapigaji watano wametolewa), nilizima televisheni nikaenda kufua. Kabla ya hapo nilikuwa nimemwona O'Brien akiingia uwanjani na nywele alizozitia rangi ya waridi kuchangisha fedha za saratani, nikajisemea huyu naye anatembea tu. Niliporudi kuanua nguo jirani alikuwa anapiga kelele dirishani. O'Brien na mwenzake Alex Cusack waliongeza mikimbio 162 pamoja! O'Brien alitolewa akikimbia, akiwa na 113 kwa mipira 63, kisha John Mooney akamalizia kazi mipira mitano ikiwa imebaki. Tangu hapo sizimi televisheni, hata mvua ikinyesha uwanjani.

Sasa hizo Test tatu. Kosa si lake, ni la kalenda. O'Brien alizaliwa Dublin mwaka 1984 na kuanza mechi za siku moja mwaka 2006, Belfast, siku Ireland walipocheza yao ya kwanza kabisa. Mpira wake wa kwanza kuurusha ulimtoa Andrew Strauss wa England. Lakini Ireland hawakuruhusiwa kucheza Test hadi walipopewa uanachama kamili wa Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) Juni 2017. Wakati huo mwenzetu ana miaka 33! Ndiyo maana hesabu yake haina uwiano: mechi za siku moja 153, Test tatu.

Hizo tatu, hata hivyo, hakuzichezea ovyo. Ya kwanza ilikuwa Malahide, Mei 2018, dhidi ya Pakistan. Siku ya kwanza ilikwenda na mvua, kisha Ireland wakaporomoka hadi wiketi nne kwa mikimbio saba, wakalazimishwa kupiga tena papo hapo. Awamu ya pili akasimama, akawa Mwairishi wa kwanza kufikisha mia katika Test ya wanaume. Siku ikaisha akiwa na 118, bado hajatolewa. Asubuhi iliyofuata, mpira wa kwanza aliokabiliwa nao kutoka kwa Mohammad Abbas ukamtoa, bila kuongeza hata mkimbio mmoja. Pakistan walishinda.

Wastani wake wa Test ni mikimbio 51.60 kwa kila alipotolewa. Huo mpe kaka yako, asiondoke mikono mitupu.