Uliza Vizimba Vingapi Kabla Hujagusa Panya

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nimepata nafasi ya uzamivu Ulaya. Mada ni vijidudu vya utumbo na maumivu ya tumbo. Nianzie wapi?" Nami niliwahi kuuliza swali hilohilo. Kila mtu aliniambia nisome sana. Nilisoma, na bado nilianguka.

Mada yenyewe inavuta. Mwaka 2013 watafiti wa Ufaransa walipandikiza kinyesi cha wagonjwa wenye tumbo linalouma miaka nenda rudi bila kidonda kuonekana, wakakiweka kwa panya wasio na bakteria. Panya wale wakaanza kuumia upesi kama wagonjwa. Mwaka 2017 wenzao wa Cork, Ireland, walionyesha kwamba panya waliolelewa bila kijidudu hata kimoja huumia utumbo upesi kuliko wa kawaida, na wakipewa bakteria wanatulia. Mama yangu alipimwa mara ngapi sijui, akaambiwa haumwi kitu. Ndiyo maana niliipenda kazi hii.

Mwaka wa kwanza nauruka. Wa pili nilikuwa na panya 20: kumi walikunywa maji yenye antibayotiki, kumi maji matupu. Unaingiza puto dogo mwisho wa utumbo mpana, unalijaza hewa taratibu, shinikizo la milimita 10 za zebaki, 20, hadi 80, huku ukihesabu misuli ya tumbo inavyokaza. Chumba kimya, saa ileile kila siku, maana panya akiogopa majibu yanaharibika. Tofauti ilitoka kubwa. Nikaiweka ukutani mbele ya maabara nzima, nimevaa kitenge kipya.

Profesa mgeni akauliza, "Walikaa vizimba vingapi?"

"Vinne."

Akaweka kalamu chini. "Basi una wawili kwa wawili."

Panya hula vinyesi vya wenzao. Wanaoishi pamoja huishia kuwa na bakteria walewale, kwa hiyo watano wa kizimba kimoja ni kama panya mmoja uliyempima mara tano. Msimamizi wangu, aliyesaini mpango ule kwa mkono wake, aliangalia dirishani. Hilo la dirishani linaniuma hadi leo kuliko data zilizopotea.

Nilirudia kila kitu. Miezi 16. Nilichanganya maranda ya vizimba vyote kwanza ili panya waanze na bakteria wanaofanana, kisha nikawaweka wawili wawili, vizimba 12 kila upande. Tofauti ilipungua karibu nusu, lakini ilisimama. Mwezi uliopita nimetetea tasnifu, na mtahini aliyejulikana kwa ukali alipofika kwenye jedwali la vizimba alilisoma lote, akafunua ukurasa bila neno. Nimepita kwa masahihisho madogo.

Kwa hiyo wewe unayelitaka joho lile, nisikilize. Kaa na mtakwimu kabla panya hawajaagizwa, si baada. Namba ya kizimba iandike kwenye kila mstari wa daftari, kila siku, hata siku umechoka. Pigania panya jike wawemo: maumivu haya huwapata wanawake zaidi, na bado maabara nyingi zimezoea madume peke yao. Ukiambiwa jike wanasumbua, usikubali. Wala usitulie kwa sababu msimamizi amesaini. Saini yake haitasimama nawe siku ya kuulizwa. Utasimama peke yako, kwa hiyo uliza vizimba vingapi, uliza tena, uliza mpaka wakuone msumbufu.

Yule msomaji amenitumia mpango wake juzi. Kurasa 14, kazi safi, panya 40 wametajwa kwa umri na uzito. Vizimba havimo popote. Nimemrudishia usiku uleule.