Kupima kasi ya mmenyuko kwa alama ya X: ushauri kwa maabara za sekondari

Kati ya majaribio ya kasi ya mmenyuko niliyosimamia katika maabara ya sekondari hapa Tabora, ninalolipendekeza kwanza ni lile la sodiamu thayosalfeti na asidi haidrokloriki, kwa kuwa bika, silinda ya kupimia, kipimajoto, karatasi yenye alama ya X na saa ya simu vinatosha. Asidi ikishamiminwa, salfa hujitenga, myeyusho huwa mweupe kama maziwa, na muda unaohesabiwa ni ule unaopita hadi alama iliyo chini ya bika isionekane kwa anayechungulia kutoka juu. Jaribio la mawe ya chokaa na asidi, ambapo gesi hukusanywa kwa bomba la sindano, nalo ni zuri, ila gesi huvuja kwenye kizibo na kipindi huishia kutafuta inapotokea.

Kinachoharibu matokeo mara nyingi ni joto. Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, chumba chenye paa la bati huwa na jotoridi moja asubuhi na jingine kabisa mchana. Na kwa kuwa kasi hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10, tofauti ya nyuzi 5 tu yatosha kumfanya mwanafunzi adhani ameona athari ya mkolezo, yaani wingi wa kemikali ndani ya myeyusho. Chupa za myeyusho na asidi zikae pamoja ndani ya beseni la maji tangu mapema, na joto lipimwe ndani ya bika, si hewani.

Ukipima sentimita za ujazo 50, 40, 30, 20 na 10 za thayosalfeti, jazia maji hadi 50 kila mara, ndipo uongeze 5 za asidi. Maji yakisahaulika, thayosalfeti haijazimuliwa na kina kimepungua, hivyo jicho hupenya kwa urahisi na alama huchelewa kufichika. Mtazamaji awe mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana mmoja husema imepotea huku jirani yake bado anaiona.

Kwenye grafu chora 1/t dhidi ya mkolezo, si t (t ni muda kwa sekunde): sekunde 25 huwa 0.04, sekunde 50 huwa 0.02, na mstari ulionyooka hujitokeza wenyewe.

Madirisha yawe wazi, kwani salfa dayoksaidi, gesi inayotoka kwenye mmenyuko huu, hukera koo, na mwenye pumu akae mbali na meza. Bika zioshwe papo hapo. Salfa ikikaukia kwenye kioo, darasa linalofuata litaanza na alama iliyokwisha kufifia.