Draiva usianze kuitafuta mtandaoni, iulize kerneli kwanza

Juzi msomaji kanitumia meseji: "Kaka nimehamia Linux, nikichomeka bodi yangu ya USB haionekani, draiva naitoa wapi?" Swali hilo hilo la draiva, yaani programu inayoiwezesha Linux kuongea na kifaa, niliwahi kuuliza kwenye grupu moja nikajibiwa nirudi Windows, Linux ina wenyewe. Sijasahau bwana. Aliyenijibu vile siku hizi ananifuata inboksi nimrekebishie wifi, na namsaidia, ila najibu nikipata nafasi.

Bodi yangu ilikuwa na chipu ya CH340, ile iliyojaa kwenye vibodi vya bei rahisi. Nachomeka, /dev/ttyUSB0, lile faili ambalo bodi huonekana kwalo kwenye Linux, hamna. Huyu anasema badilisha kebo, yule kashusha zipu ya draiva ananitumia, wakati draiva yake inaitwa ch341 na imo humo humo kwenye kerneli, kile kiini cha Linux, miaka mingi tu. Nikaacha kuwasikiliza, nikaandika sudo dmesg -w, amri inayoonyesha kerneli inachosema, halafu ndo nikachomeka, mistari ikaanza kushuka yenyewe: kifaa kipya chenye namba 1a86:7523, ch341 imekidaka, ttyUSB0 imetokea, na hapo hapo imekatwa! Na jina la mwizi limeandikwa wazi, brltty. Kumbe hiyo ni programu ya vifaa vya breli kwa wasioona, na kwenye Ubuntu 22.04 sheria yake ya udev (kile kipande cha Linux kinachoshughulikia vifaa vinavyochomekwa) ikiona namba 1a86:7523 inadhani ni kifaa chake, inakinyakua. Mimi siitumii nikaitoa (kama nyumbani kuna anayeihitaji usiitoe, zima hiyo sheria moja tu), nikachomeka upya, bodi hiyo hapo. Grupu zima kimya, hata hongera hamna.

Sasa nyie mnaotaka kuja kuandika draiva zenu, na najua mnataka, shikeni hili: kerneli haijali jina lililoandikwa kwenye boksi. Kifaa cha USB kinajitambulisha kwa namba, ya mtengenezaji na ya bidhaa, kerneli inazigeuza kuwa mstari unaoitwa modalias, udev inaupokea na kutafuta kwenye faili la modules.alias ni moduli gani (draiva inayopakiwa ikihitajika) ilisema inaziweza namba hizo, ikipatikana inapakiwa. Basi. Ndo maana mtu anayekwambia "tafuta draiva" bila kukuuliza namba za lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, anakupotezea muda, na wapo wengi, na wana sauti kubwa.

Wifi nayo mara nyingi draiva ipo, kinachokosekana ni fimuwea, lile faili linalokaa /lib/firmware ambalo chipu inalishwa kabla haijaanza kazi. dmesg itakwambia hadi jina la faili iliyolikosa. Piga lspci -nnk, amri inayoorodhesha kadi za ndani ya kompyuta, uone kama chini ya kadi yako kuna mstari wa "Kernel driver in use", usipouona ndo uanze kuhangaika, sio kabla. Watu hawasomi! Kompyuta inakwambia ugonjwa wake kwa maandishi na wewe uko YouTube.

Na ikitokea ttyUSB0 ipo lakini unaambiwa "Permission denied", hapo draiva haina kosa, ni ruhusa. Kwenye Debian na Ubuntu jiongeze kwenye grupu la dialout kwa sudo usermod -aG dialout $USER, halafu logi auti uingie upya, kufunga terminali peke yake haisaidii.